Picha ya Msikiti wa Putra Wakati wa Macheo

Miongoni mwa misikiti iliyojengwa kando ya maji katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, Msikiti wa Putra ulioko Putrajaya, nchini Malaysia, ni mmoja wa ile ipigwayo picha mara nyingi mno. Ujenzi wake ulianza mwaka 1997 ukamalizika mwaka 1999; umepewa jina la Tunku Abdul Rahman Putra, waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile; mnara wake una kimo cha mita 116 na umegawanywa katika tabaka tano; nao waweza kupokea watu wapatao 15,000 kwa sala moja. Kuba lake ni la mawe ya itale yenye rangi ya waridi. Upande mmoja wa msikiti ni uwanja mkubwa wa mviringo, upande wa pili ni ziwa. Ziwa lenyewe si la asili: lilipatikana kwa kuzuia maji ya mito midogo Chuau na Bisa, na eneo lake ni kama hekta 400. Mji, ziwa na msikiti vilizaliwa karibu pamoja, kwa ramani moja, katika miaka ile ile michache. Jambo hili lafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa kuwa picha nyingi za mahali hapo hupigwa kwa namna ya kumfanya atazamaye adhani kwamba ameonyeshwa kitu cha kale.

Picha inayozungumzwa hapa ni ya namna moja tu, nayo hutambulikana upesi. Mpiga picha husimama ng'ambo ya ziwa, magharibi ya msikiti, kungali giza. Huiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akangoja. Na jua linapochomoza nyuma ya kuba, hufyatua. Kipatikanacho ni kuba na mnara vilivyo vyeusi, au vyenye rangi ya zambarau iliyokolea. Mbingu ya rangi ya chungwa. Na chini yake msikiti wa pili, uliopinduliwa, ndani ya maji matulivu. Picha kama hii imekwisha kuonekana katika kalenda, katika postikadi, katika vitabu vya wageni na katika mashindano ya wapiga picha, hata imekuwa mtindo kamili, wenye kanuni zake kama utenzi ulivyo na zake. Kama utenzi, basi, yapasa ihukumiwe kwanza kwa kanuni hizo, kisha kwa yale ambayo kanuni hizo zayaacha nje. Na ayaachayo nje mtunzi wa picha hii si madogo. Kwa uzuri wake wote, picha hii humwondoa msikitini mwenye msikiti, yaani jamaa ya wanaosali. Na maelezo yake ya Kiswahili, kwa kutumia maneno bila kuyapima, yameanza kuusaidia uondoaji huo.

Mahali pa kusimama ndipo pa kuanzia. Kibla cha Putrajaya kiko magharibi, kimeelekea kidogo kaskazini: ukipima kutoka kaskazini kwa kufuata mwendo wa saa, ni kama nyuzi 292 na nusu. Kwa hiyo ukuta wa mihrabu waelekea upande wa ziwa, na milango mikuu yaelekea uwanjani, mashariki. Mpiga picha aliye ng'ambo ya ziwa yuko nyuma ya mihrabu. Atazamapo msikiti na jua, ameipa Makka kisogo. Nao walio ndani, wakisimama katika safu zao, nyuso zao zaelekea kwake. Kati yake na wao pana maji na ukuta. Jambo hili halionekani katika picha, wala haielekei kuwa wengi wa wanaoipiga wamelifikiri, lakini ndilo linaloipa picha umbo lake: huo ni msikiti uliotazamwa kutoka upande ambao hakuna aingiaye.

Pana na jambo lingine, ambalo lingempendeza mwanafalaki. Putrajaya iko karibu nyuzi 3 kaskazini ya mstari wa ikweta. Mahali pa kuchomoza jua huhama mwaka mzima, kutoka kama nyuzi 66 na nusu mwezi wa Juni hadi kama nyuzi 113 na nusu mwezi wa Desemba. Ukiugeuza mwelekeo wa kibla kwa nyuzi 180 utapata nyuzi 112 na nusu. Yaani katika siku za mwisho wa Desemba jua huchomoza karibu sawasawa mkabala na kibla, na mstari utokao kwenye jua, ukapita katikati ya safu, ukafika mihrabuni, ndio ule ule umfikiao mpiga picha ng'ambo ya ziwa. Wapiga picha hodari huzijua siku za kulipata jua mahali walipotakapo, na huzitafuta kwa kompyuta. Lakini husema kwamba wanatafuta jua liwe katikati ya kuba, basi. Kwamba katikati hiyo ni kibla kilichogeuzwa, hilo hawalisemi, na hapo ndipo uhakiki ungeweza kuwafaa kuliko sifa.

Sasa saa yenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo Malaysia kama yafuatwavyo katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, wakati wa sala ya alfajiri waanza kwa kutoka alfajiri ya kweli, na wamalizika kwa kuchomoza jua. Tangu jua linapochomoza hata lipande kiasi cha mkuki mmoja, ni wakati ambao sala za sunna zisizo na sababu zimekatazwa. Na hadithi iliyopokewa katika Sahihi ya Muslim yaeleza kwamba huo ndio wakati waabuduo jua walipokuwa wakilisujudia. Basi mwenye kupiga picha ya msikiti kwa jua linalochomoza amechagua, katika saa zote za mchana na usiku, zile dakika chache ambazo sheria imeziwekea mpaka ili msikiti usichanganywe na jua. Kisha akalifanya jua ndilo kiini cha picha. Haifai kumshtaki kwa hilo. Picha si sala, na kulitazama jua si kuliabudu. Lakini mhakiki asipoutaja mpaka huo, atakuwa ameisoma picha kama asomavyo barua asiyeijua lugha yake, akisifu mwandiko.

Kwa saa za Malaysia, jua la Putrajaya huchomoza kati ya saa moja kasoro dakika chache na saa moja na nusu hivi. (Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba kumi na mbili ndiyo saa ya kucha, ataona ajabu, sababu ni kwamba mwaka 1982 saa za Malaysia ya Magharibi zilisogezwa mbele nusu saa ili zilingane na za Sabah na Sarawak, na jua halikuulizwa.) Adhana ya alfajiri husomwa zaidi ya saa nzima kabla ya hapo. Jamaa husali gizani, wakatoka gizani au katika weupe wa kwanza, wakaenda makazini. Wachache hubaki wakileta nyuradi hata jua lipande, wakasali rakaa mbili, kisha nao hutoka. Basi mpiga picha anapofyatua, watu wengi wamekwisha ondoka, na wachache waliobaki wako nyuma ya ukuta, wameketi, wakimwelekea. Maelezo ya chini ya picha huzungumza juu ya "utulivu wa msikiti mtupu" kana kwamba utupu huo ni sifa ya jengo. Ni sifa ya saa.

Hapa ndipo matumizi ya maneno yanapoleta madhara. Ni kawaida kwa picha ya jua lililokwisha toka kuitwa kwa Kiswahili "Msikiti Alfajiri". Hilo ni kosa, wala si kosa la kupuuzwa. Kiswahili kina ngazi nzuri ya maneno kwa kipande hiki cha siku, na kila ngazi ina kazi. Alfajiri ni wakati wenye mpaka wa sheria, nao una namna mbili, alfajiri ya uongo, ambayo ni weupe unaosimama wima mbinguni kisha ukafifia, na alfajiri ya kweli, ambayo hutandaa upeoni kwa upana. Kucha ni kwisha kwa usiku. Mtu husema kumekucha bila kuliona jua. Kupambazuka ni pale nuru inapotosha vitu kutambulikana kimoja kimoja. Macheo ni jua lenyewe kutokeza, kama machweo yalivyo kuzama kwake. Picha ya jua juu ya kuba ni picha ya macheo. Kwa hiyo si ya alfajiri, kwa kuwa macheo ndiyo yanayoiondoa alfajiri. Anayeziita zote alfajiri amelitoa neno katika sala akalipeleka kwenye rangi, na likisha kwenda huko halirudi kwa urahisi.

Mfano wa neno lililokwenda upo karibu. Waswahili na Wamalei wote walichota katika kisima kimoja cha Kiarabu, lakini hawakuchota sawa. Mmalei ameliweka neno Subuh kuwa jina la sala, na kwa asubuhi ya kazi na chai hutumia neno lake la asili, pagi. Mswahili amefanya kinyume: asubuhi ameiachia huru, ikawa ya kila mtu na ya kila shughuli, na sala akaiwekea alfajiri. Kwa hiyo neno alfajiri likilegezwa katika Kiswahili, halina mwenzake wa kulishika mahali pake. Mmalei akilegeza lake la fajar, hapati hasara. Subuh lingali limesimama.

Uzito wa mpaka huo ulionekana Malaysia kwenyewe mwaka 2019. Kwa miaka mingi wakati wa Subuh ulikuwa umehesabiwa kwa kulichukua jua likiwa nyuzi 20 chini ya upeo. Baada ya uchunguzi wa mwangaza wa anga kabla ya kucha, hesabu ilibadilishwa kuwa nyuzi 18, na adhana ikasogezwa mbele kwa dakika 8. Watu walijadiliana sana juu ya sala zao za zamani na saumu zao. Dakika nane, katika giza ambalo jicho la kawaida halitofautishi kitu! Mtu aliyeyaona mabishano hayo hawezi kuridhika na maelezo yanayoitia alfajiri na macheo katika mfuko mmoja, ilhali kati ya hayo mawili pana zaidi ya dakika 70.

Kutoweka kwa watu katika picha kuna historia ndefu kuliko Putrajaya. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya barabara kubwa ya Paris, Boulevard du Temple. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa bamba lake lilitaka nuru kwa dakika kadhaa, kila kilichotembea kilifutika. Akabaki mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Ilikuwa ni upungufu wa chombo. Mhandisi wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey, aliyepiga picha za Madina mwaka 1861 na za Makka mwaka 1880, alifanya kazi kwa vyombo vya ukoo huo huo, vizito na vyenye kutaka subira. Katika karne hii upungufu umegeuzwa kuwa hiari. Mpiga picha wa Putrajaya huweka mbele ya lenzi kioo cheusi cha kupunguza nuru, akaiacha kamera wazi kwa nusu dakika, au dakika mbili, hata mawimbi yakawa kama maziwa, na mlinzi apitaye, na mvuvi, na mama afagiaye ukumbi, wakayeyuka. Kile alichokosa Daguerre kwa ufukara wa nuru, huyu amekikataa kwa makusudi. Tofauti hii ndiyo inayoruhusu hukumu. Chombo hakihukumiwi, hiari huhukumiwa.

Wanavyuoni nao waliijadili kamera kwa njia ambayo wahakiki wa leo wameisahau. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa mufti wa Misri tangu mwaka 1914, alitunga risala ya kuhalalisha picha za kamera, na hoja yake ilikuwa kwamba mpiga picha haumbi sura mpya bali hukizuia kivuli kilichokwisha umbwa. Kivuli kimefungwa, ndivyo asemavyo. Hoja hii ya fikihi yaweza pia kuwa kipimo cha sanaa, tena kipimo kikali. Ikiwa kazi ya picha ni kukizuia kivuli kilichokuwapo, basi picha iliyounganishwa katika kompyuta kutoka picha tano za nuru mbalimbali, mbingu ya dakika moja juu ya maji ya dakika nyingine, si kivuli cha kitu chochote. Huenda ikawa nzuri. Lakini imetoka katika jamii ya picha ikaingia katika jamii ya michoro, na mwenye kuitunga angefanya vyema kuieleza hivyo. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno sanamu kwa picha na kwa kinyago pia. Neno picha lilipokuja likaigawa maana hiyo. Sasa picha za namna hii zairudisha sanamu kwa mlango wa nyuma.

Kwa kuwa kivuli kimetajwa, yafaa kuyatazama maji. Nusu ya chini ya picha hizi ni msikiti uliomo ziwani, na waandishi wa Kiswahili huuita kivuli. Katika mazungumzo neno hilo hutosha; katika uhakiki halitoshi. Kivuli ni mahali nuru ilipozuiwa. Kionekanacho majini ni nuru iliyorudishwa. Msikiti wa Putra wakati wa macheo una vyote viwili, na ni vitu viwili mbalimbali: kivuli chake hasa chatupwa magharibi, kikiwa kirefu, juu ya uso wa ziwa kumwelekea mpiga picha, na sura yake imo katika maji hayo hayo. Mahali kivuli kilipolala, sura huonekana wazi zaidi, kwa sababu uso wa maji hapo haukupigwa na jua. Mtu asiyekuwa na maneno mawili hawezi kulisema jambo hili, na asiyeweza kulisema ni vigumu aliona. Neno sura majini, au kwa kifupi sura, lingefaa; ni jepesi, lina heshima yake, na halihitaji kubuniwa.

Sura ya majini pia ndiyo shahidi wa uaminifu wa picha. Maji hayarudishi nuru yote iyafikiayo, sehemu huzama. Kwa hiyo sura lazima iwe hafifu kidogo kuliko kitu chenyewe. Picha ambayo msikiti wa chini wang'aa kuliko wa juu imepitia mkononi mwa mtu: ama mbingu imetiwa giza kwa kioo cha kuchujia, ama maji yametiwa nuru baadaye. Zipo picha nyingi za Putra zenye kasoro hii, na mara nyingi ni zile zile zinazosifiwa kwa ulinganifu wake. Na ulinganifu wenyewe, wa kuukata mstari wa maji katikati ya picha kama kwa rula, umekuwa ada isiyohojiwa. Kuupindua msikiti na kuupa nusu nzima ya picha ni kusema kwamba sura ni sawa na kitu. Mtunzi mwenye kufikiri angeuliza kama hilo ndilo alilotaka kusema.

Kuna tena usemi wa "msikiti unaoelea". Umetoka katika matangazo ya utalii, ambako misikiti kadhaa ya Malaysia iliyojengwa juu ya maji huitwa hivyo, ukafasiriwa neno kwa neno. Katika Kiswahili kuelea ni hali ya chombo: boya, jahazi, gogo. Kinachoelea chaweza kwenda. Jengo la itale lililosimama juu ya nguzo zilizokita katika udongo wa ziwa halielei, nalo lajengwa hivyo kwa gharama kubwa ili lisielee. Kwa msomaji wa pwani ambaye ameona vyombo vikielea tangu utoto, usemi huo wachekesha kidogo. Kusema msikiti uliojitokeza ziwani, au uliosimama majini, ni kusema kweli, na ukweli huo una nguvu kuliko muujiza wa kukopa.

Juu ya rangi pana machache. Jiwe la waridi, ambalo ni fahari ya Msikiti wa Putra, halionekani kabisa katika picha ya macheo iliyopigwa kutoka ziwani, kwa kuwa jua liko nyuma ya jengo na uso wake wa magharibi umo gizani. Wapiga picha wengi, wakijua kwamba watazamaji wanalitaka, huliongeza baadaye, na matokeo ni waridi isiyo na chanzo cha nuru. Mwenye kulitaka jiwe hilo na aende uwanjani, upande wa mashariki, jua likiwa limepanda kidogo; au aje ziwani alasiri. Hawezi kupata kivuli cheusi na jiwe la waridi kwa fyatuo moja, na kuchagua kimoja ni sehemu ya ufundi.

Ile nuru inayoitwa "saa ya dhahabu", neno lingine la kufasiriwa, haiwi saa katika nchi za ikweta. Huko kaskazini ya dunia jua hupanda kwa mshazari na nuru ya chini hudumu. Putrajaya jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na kabla ya nusu saa kwisha nuru imekuwa nyeupe. Ni dakika, wala si saa, na Mswahili aliyeamka na jua maisha yake yote alijua hivyo bila kuambiwa. Na wekundu mwingi wa jua katika baadhi ya picha una asili ambayo maelezo hayaitaji. Mwaka 2015, moto ulioteketeza ardhi ya mboji huko Sumatra na Kalimantan ulitanda moshi juu ya Malaysia, hata shule zikafungwa. Mwaka 1997 pia, misingi ya msikiti ilipokuwa ikijengwa, moshi ulikuwa mkubwa. Jua la moshi huwa jekundu, la mviringo kamili, na jicho laweza kulitazama. Picha ya jua hilo juu ya kuba inapendeza, na watoto wamefungiwa ndani wakikohoa. Hakuna haja ya kuikataa picha hiyo. Kinachotakikana ni mwaka uandikwe chini yake.

Katika ziwa hilo hilo uko msikiti mwingine mkubwa, wa Tuanku Mizan Zainal Abidin, uliofunguliwa mwaka 2010, ambao watu huuita Msikiti wa Chuma kwa sababu sehemu kubwa yake ni chuma na nyavu za chuma. Huo haujapata mtindo wake wa macheo, na sababu yaweza kuonekana: nuru hupenya nyavu, na jengo lisilozuia nuru halifanyi kivuli cheusi cha kupendeza. Mwili wake hauutii mtindo. Katika maziwa ya Afrika ya Mashariki mambo yamekaa namna nyingine kabisa. Huko kibla kiko kaskazini, au kaskazini kidogo mashariki, hata wazee wa mwambao walilitumia neno kibla kwa maana ya upande wa kaskazini. Basi jua la macheo hupiga ubavu wa msikiti, wala si mgongo wake. Tena mji wa Ujiji uko pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, na jua humjia aliye ziwani kutoka nchi kavu, juu ya mapaa. Bukoba, iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, hulipokea jua kutoka majini. Mtindo wa Putrajaya ukihamishiwa huko bila kufikiri, kama ulivyokwisha anza kuhamishwa kwa kuigwa rangi zake, utakuwa umechukua nguo bila kupima mwili.

Yawezekana kupiga picha ya msikiti huu iliyo bora, na haihitaji chombo kipya. Mpiga picha na avuke daraja, aende upande wa uwanja, ambako milango iko. Afike adhana isijasomwa. Muda wa kupokea nuru uwe kama nusu ya sekunde, ambao hulegeza nyayo za mtu anayetembea lakini haumfuti. Jamaa watokapo, taa za umeme zingali zawaka juu ya jiwe la waridi, na rangi yake yaonekana bila kuongezwa. Mbingu nyuma ya kuba, upande wa magharibi, ingali ya samawati nzito. Viatu viko ngazini, vingine vimekwisha chukuliwa. Ziwa halionekani, ila labda kwa kipande chembamba kando ya ukuta. Jua halijatoka wala halitatoka kwa dakika 40 nyingine. Picha hiyo yaweza kuitwa "Alfajiri", na neno litakuwa mahali pake.